Mwalimu wa Taipu na Neno la Swichi

Mwalimu wa taipu hakuwahi kuangalia vidole vyake akiandika, na hakumpenda mtu aliyeangalia vyake. Akikukuta umeinamia mashine, anakufunika mikono kwa kitambaa cha kukaushia vyombo, kile cha mistari ya buluu, halafu anakwambia uendelee. Nimeona wasichana wakubwa, wenye wachumba tayari, wakitoa machozi juu ya kitambaa hicho. Mimi pia nilitoa, maana nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijaajiriwa kufundisha kazi za ofisi katika chumba cha pili kutoka chake. Lakini mpaka leo naandika macho yakiwa dirishani, na nikiona kijana anadonoa kibodi kwa vidole viwili, nakasirika kwa niaba yake.

Chuo chetu kilikuwa Nyeri mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la nguo na bucha. Mwezi wa saba baridi ilikuwa ikipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Yeye alivaa sweta mbili, ya ndani ya kufuma mwenyewe na ya nje ya kununua, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata Prinsipo akiwa na wageni. Prinsipo ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo. Alimwogopa Mwalimu kidogo, kwa sababu mke wake pia alifundishwa taipu na huyu mama, na nyumbani kwao maneno yake yalinukuliwa wakati wa chakula.

Hakuwa mpole. Watu wakifa husemwa walikuwa wapole, na huyu hajafa, kwa hivyo naweza kusema ukweli. Alikuwa na mdomo. Mkufunzi mmoja wa uhasibu alikuja siku moja na tai mpya, pana, ya maua. Mwalimu akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Na hii meza umefunika, chakula iko wapi?" Yule bwana hakuivaa tena. Lakini huyo huyo mkufunzi alipofiwa na baba yake, ni Mwalimu aliyekusanya wanawake wa kanisa lake wakaenda kupika siku tatu, na akabeba sufuria kichwani kutoka barabarani kwa sababu gari lilikwama kwenye tope.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, mashine za taipu zilianza kufungiwa stoo, moja moja, na kompyuta zikaingia. Mafundi walitoka Nairobi wakaziunganisha kwa nyaya, wakatundika ukutani kisanduku cha chuma chenye taa ndogo za kijani zinazopepesa. Wakasema hiyo ni swichi. Karani wetu alitafuta mahali pa kuwashia balbu, akakosa. Tukaelezwa kwamba kompyuta zote zinazungumza kupitia hapo, na kwamba lazima mtu mmoja wa chuo apelekwe kujifunza kuiamuru, kwa sababu haina kipanya wala picha. Unaunga waya nyuma yake, kioo kinakuwa cheusi, na unaiandikia maneno.

Wakufunzi wa kompyuta walikataa. Walisema hiyo ni kazi ya fundi wa stima. Mwalimu akasimama katika mkutano, na sweta zake mbili, akasema, "Mimi nitaenda. Taipu inakufa, rakini mimi sijakufa."

Alienda wiki moja. Alirudi na waya wa buluu uliokunjwa vizuri ndani ya mkoba, na kitu kingine kichwani ambacho hakikuonekana, yaani neno la siri. Sisi wengine tulipewa ngazi ya chini, ya kutazama tu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ya juu.

Namna alivyofundisha jambo hilo sijaona mwalimu mwingine akifundisha. Alichora ubaoni alama mbili. Ya kwanza ni ule mshale ambao swichi inakuonyesha ukiingia tu. Ya pili ni ile ya mistari minne iliyokatana, aliyoiita reli.

"Ukiona hii mshale," akasema, "uko sitting room. Umekaribishwa. Unakunywa chai, unaangalia picha kwa ukuta, unauliza watu ya nyumba hawajambo. Rakini viti hupangui. Sasa, ukiona hii reli, uko jikoni. Hapo unaweza kupika, na unaweza kuchoma nyumba."

Kijana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na mtu anatoka sitting room anaingia jikoni aje?"

"Anaandika enable. Harafu anaulizwa neno."

"Na neno ni gani?"

"Wewe umeona mgeni wapi akiuliza sufuria ya nyama iko wapi?"

Darasa likacheka. Huku kwetu ilieleweka mara moja. Mgeni wa Kikuyu hata awe askofu, hagusi mafiga ya mwenye nyumba.

Alichokipenda zaidi katika swichi ile ni alama ya kuuliza. Ukiiandika peke yake, mashine inakuorodheshea mambo yote unayoruhusiwa kufanya, na inakupa kulingana na ngazi yako tu. Mgeni anapewa machache, mwenye nyumba mengi. "Hii kitu imelelewa vizuri," alisema. "Haikucheki kwamba hujui." Kisha kuna lile neno no. Ukiamuru jambo na kulitaka liondoke, unaliandika tena na kuweka no mbele. Kufunga mlango, yaani tundu la waya wa kompyuta moja, ni shutdown, na kuufungua ni no shutdown. Hakuna neno la kufungua, kuna la kuacha kufunga. Mwalimu alilipeleka hilo hadi kwenye maisha. Akikuta wawili wamenuniana ofisini anapita akisema, "No kununa." Mumewe marehemu, aliniambia, angeishi miaka mingi zaidi kama mtu angemwandikia no sigara.

Na kila akimaliza kubadilisha jambo, aliamuru swichi iandike kwenye kumbukumbu yake. Asipofanya hivyo, stima ikipotea mashine inasahau yote. Nyeri ya wakati ule stima ilipotea mvua ikinyesha na ilipotea jua likiwaka. Nilimwona mara moja ameshafika chini barabarani, akageuka, akapanda ngazi zote tena akihema, kwa sababu hakuwa na hakika kama aliandika. Alikuwa ameandika.

Sasa nieleze ubahili wake, kwa sababu ndio uliotukosanisha.

Kwa kila kitu kingine alikuwa na mkono wazi. Jumatatu alitoka kwake Gakindu na kikapu: nduma zilizochemshwa, ndizi, parachichi. Kikapu kiliwekwa mezani, na ukipita bila kuchukua anauliza kama umekula sumu kwingine. Nilipojifungua binti yangu, alikuja na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, na siku hiyo akaacha kuniita kwa jina langu la ubatizo. Nikawa Mama Shiko. Niliporudi kazini Shiko alikuwa bado mdogo kabisa, ameachwa kwa jirani karibu na stendi, na mkataba wangu ulikuwa wa muhula kwa muhula. Prinsipo hakupenda mambo ya kunyonyesha. Kwa hivyo kila saa nne Mwalimu aliingia darasani kwangu, akasimama mbele, akaniambia, "Mama Shiko, enda uone ile stakabadhi." Hakukuwa na stakabadhi. Nilienda mbio nikanyonyesha, nikarudi nikakuta wanafunzi wangu wamefunikwa mikono.

Lakini lile neno la swichi, hata kidogo. Alinifundisha amri zote kwa chaki na kwa mdomo. Nilijua namna ya kufungua mlango, kufunga, kutenga chumba kimoja na kingine. Nilijua yote na sikuwahi kuiona ile reli kwenye kioo mikono ikiwa yangu. Nilimwomba. Mara ya kwanza alijifanya anafuta ubao. Mara ya pili alinivuta kando kwenye korido.

"Sikiliza, Mama Shiko. Taipu imeisha. Kitinda mimba wangu bado yuko shule ya bweni. Hii swichi ndiyo shamba yangu hapa. Siku watu wawili watakuwa na hii neno, mmoja ni wa kurudishwa nyumbani, na si yule mdogo kwa umri."

Nilielewa, na bado ilinichoma. Mtu anakushikia darasa ukanyonyeshe mtoto, na neno moja anakunyima!

Tena alitudanganya. Yeye, mama wa kanisa, katibu wa chama cha wanawake, alituambia kwa uso mkavu kwamba ukikosea neno la siri mara nyingi, swichi inajifuta yote na chuo kinanunua nyingine. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni uongo mtupu. Wakati ule niliamini kama mahubiri.

Basi, ikaja ile Ijumaa ya mapenzi. Wanafunzi walikuwa wamegundua kwamba kompyuta za maabara zinaweza kutumiana ujumbe mfupi kupitia mtandao. Kijana mmoja akamwandikia msichana kwamba anampenda na amsubiri Karatina sokoni Jumamosi, upande wa karoti. Kwa bahati mbaya alituma kwa mashine zote. Ujumbe ukatokea mbele ya msichana, mbele ya darasa zima, na mbele ya mhazini wa chuo, mama wa makamo, ambaye alisoma kwa sauti. Mwalimu hakuuliza ni nani. Aliunga waya wake wa buluu, akaingia jikoni kwake, akafunga milango ya maabara yote kwenye swichi. "Mpaka mpoe," akasema. Akaandika kwenye kumbukumbu, akaenda nyumbani.

Jumapili alishikwa na tumbo kanisani. Ilikuwa mawe ya nyongo. Alilazwa mjini Nyeri na akafanyiwa upasuaji usiku huo.

Jumatatu maabara ilikuwa imekufa. Kompyuta ziliwaka, lakini hakuna iliyoweza kuifikia nyingine wala mashine ya kuchapishia. Na Jumatano mtahini alikuwa anatoka Nairobi kusimamia mtihani wa vitendo, ambapo kila mwanafunzi alitakiwa kutuma kazi yake kwa mtandao na kuichapisha. Bila hivyo hakuna cheti, na ni kungoja mwaka mwingine. Prinsipo alipiga simu kwa mafundi wa Nairobi. Wakasema wiki ijayo. Akatoka ofisini akatutazama mmoja mmoja. "Hakuna mtu mwingine ana hiyo pasiwadi? Chuo kizima?"

Mimi nikaenda hospitalini.

Nilimkuta kitandani bila kofia. Sikuwa nimewahi kuona nywele zake, zilikuwa nyeupe zote. Wadi ilikuwa imejaa watu wa kutazama wagonjwa, na kwa kitanda kilichofuata kulikuwa na ukoo mzima. Nikamweleza.

"Wangapi hawatafanya?"

"Wote, Mwalimu."

"Hata yule wa karoti?"

"Hata yeye."

Akafumba macho. Nilijua anapima nini, kwa sababu alikuwa ameniambia mwenyewe kwenye korido. Kisha akanivuta sikio karibu na mdomo, akanong'ona. Neno lilikuwa jina la ng'ombe wake wa kwanza, aliyenunuliwa kutoka shamba la mzungu aliyekuwa akihama, na ng'ombe alikuja na jina lake kwenye karatasi.

"Rorera," akasema.

Nilirudi chuoni mbio. Nikaunga waya, mshale ukatokea. Nikaandika enable, nikaandika Rorera. Ikakataa. Ndipo akili ikanirudia. Sisi wa huku L na R tunaziita kwa sauti moja. Mtu wa kwetu akisema Rorera, kinachoandikwa kinaweza kuwa Lolela, Rolera, Lorera, na ndugu zao wengine wengi. Nikajaribu Lolela. Ikakataa. Nikajaribu Rolela. Ikakataa. Nikakumbuka kwamba itajifuta. Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikachomoa waya.

Nikarudi hospitalini siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa. Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Mwalimu, ni L ama ni R?"

"Ni R."

"R ya redio ama L ya lori?"

"Ya rori."

"Mwalimu. Ya kwanza ni ya redio?"

"Nimekwambia ni ya rori! Ya katikati ndiyo ya redio. Ya mwisho ni rori tena. Ama umeziba masikio?" Lakini alivyosema, redio na rori zilikuwa zimeanza kwa sauti ile ile, na mimi kwa hofu sikumwamini yeye wala masikio yangu. Ukoo wa kitanda cha pili ulikuwa umenyamaza kutusikiliza. Mzee mmoja aliuliza kama tumepoteza gari.

Nikampa kalamu. Akaisukuma. Neno la siri haliandikwi, hiyo ilikuwa sheria yake, na hata tumbo likiwa limeshonwa hakuivunja. Ndipo nikamwambia, "Basi litaipu."

Alielewa mara moja. Akaweka mikono yake juu ya blanketi, viganja vimeinuka kidogo, vidole vimepinda, akatazama dirishani. Kisha akaandika. Mtu yeyote aliyefundishwa naye anajua: L iko mkono wa kulia, R iko wa kushoto. Kwa zile herufi tatu, kidole cha kulia kilianza. Halafu cha kushoto. Halafu cha kulia tena. Lorela. Mdomo wake haukuwa umeweza kutenga herufi zile maishani mwake, na vidole havikukosea hata kidogo. Nilimwomba arudie, kwa hakika, na pia kwa sababu ilikuwa nzuri kuitazama.

Jioni hiyo niliona reli. Nikaandika no shutdown, mlango baada ya mlango, na taa za kijani zikaanza kupepesa moja moja ukutani. Nikaandika kwenye kumbukumbu. Nikakaa pale peke yangu, nikicheka. Jumatano mtahini alikuja, mtihani ukafanywa, na yule wa karoti akapita vizuri kuliko wote. Prinsipo alinipa mkono mbele ya watu.

Chuo kikafungwa kwa likizo ya Agosti. Nilienda Giakanja kwa wazazi wangu na mtoto, na usiku mwingine nililala nikijua kwamba naweza kuingia mahali ambapo watu wawili tu katika mji wanaweza. Ni jambo dogo, najua. Mimi lilinifurahisha.

Siku ya kufungua niliwahi mapema. Nilitaka tu kuiona ile reli tena. Nikaunga waya, nikaandika enable, nikaandika Lorela. Ikakataa. Nikaandika polepole. Ikakataa. Nikageuka, nikamwona Mwalimu amesimama mlangoni na kofia yake, amekonda, ameshika kikapu. Alikuwa ameniwahi.

"Mwalimu, umebadilisha?"

"Nimebadirisha."

"Kwa nini?"

"Nilikupa ya shida. Shida imeisha. Chukua nduma."

Sikuchukua. Niliingia darasani kwangu nikiwa nimevimba. Nilihisi nimefukuzwa na mtu niliyemshika mkono kitandani. Hapo hapo karani akaja kuniita: Prinsipo ananitaka.

Alifunga mlango. Akaniambia Mwalimu amechoka, ameumwa, na ni wakati wa kupumzika. Alikuwa na kijana wa dada yake aliyemaliza kozi ya kompyuta Nairobi. Kijana angeingia, na mimi ningewekwa juu yake, kazi ya kudumu, si mkataba wa muhula. "Wewe nipe tu hiyo pasiwadi," akasema. "Leo."

"Sina."

"Mama Shiko, usinichezee. Ulifungua mwezi wa saba."

"Nilikuwa nayo. Amebadilisha asubuhi hii. Hanipi. Na hawezi kunipa tena, si ameshanitumia?"

Aliniangalia uso. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira, na hasira haikuwa juu yake, ilikuwa juu ya Mwalimu. Akaniamini. Akatukana kidogo kwa Kikuyu, akaniambia niende darasani. Kijana wa dada yake akapata kazi kwingine, na Mwalimu akabaki na swichi yake.

Hatukugombana kwa sauti. Aliendelea kuingia kwangu saa nne na ile stakabadhi, na mimi niliendelea kwenda kunyonyesha, bila kusema asante. Aliponiambia "No kununa" nilijifanya sikusikia. Kukaa chumba cha pili na mtu uliyempenda na ambaye huzungumzi naye vizuri ni kazi nzito.

Umri wake wa kustaafu ulipofika, alistaafu, kwa keki na blanketi, na wanawake wa kanisa wakaimba hadi bucha ikatoka nje kusikiliza. Kitinda mimba wake alikuwa amemaliza shule. Siku yake ya mwisho aliniketisha mbele ya kioo, akaingia yeye, akasogeza kibodi upande wangu, akaniambia niweke neno langu mwenyewe, na akageuka ukutani nilipoliandika. Nikasema asante, lakini ilikuwa asante ya kawaida. Ilikuwa imechelewa, nikaona.

Miaka ikaenda. Swichi ile ilitupwa ikaja nyingine, nami nikahamia chuo kingine Karatina. Shiko akakua akapata mchumba. Alipokaribia kuolewa, nilichukua kadi moja nikasafiri nayo hadi Gakindu, maana kuna watu ambao kadi yao haitumwi kwa mtoto wa jirani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya gunia, anachambua kahawa, mbivu huku na mbichi huku. Ilikuwa siku ya kupeleka kiwandani. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, anachagua kwa kupapasa. Nikakaa nikamsaidia. Nikampa kadi, akainusa.

"Shiko huyu wa kunyonya?"

"Huyo huyo."

Akacheka sana. Tukaongea habari za chuo. Nikamwambia nimejifunza jambo moja: zile swichi, mtu akishika kitufe cha mbele akiwa anaiwasha, anaingia bila neno lolote. Fundi yeyote angeweza.

"Nilijua," akasema. "Tulionyeshwa Nairobi. Prinsipo hakujua, na mimi sikuwa mwalimu wake."

Nikaona nikikosa kuuliza leo sitauliza tena. Nikamwambia, "Mwalimu, mbona ulinibadilishia neno?"

Hakusimamisha mikono. "Prinsipo alikuja kuniona kule wadi, baada ya mtihani. Akaleta soda. Akasema, 'Naona Mama Shiko amefungua, ni msichana mwerevu.' Akauliza mkataba wako unaisha lini. Mimi nikajua atakuita."

"Na ukaogopa nitampa."

"Ungempa?"

"Hapana."

"Basi. Hata mimi nilijua ni hapana." Akatupa mbichi moja upande wake. "Ungesema hapana na neno iko kwa mdomo yako, na yeye angekufukuza jioni hiyo. Na mtoto kwa jirani, na mkataba ya muhula. Mimi nilikuwa mzee, nilikuwa na kahawa. Wewe ulikuwa na nini? Kwa hivyo nikaitoa kwa mdomo yako."

Nilishindwa kuendelea na kahawa. Miaka yote ile nilidhani hakuniamini. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba nilimchukia.

"Mbona hukuniambia, Mwalimu? Hata baadaye?"

"Uso yako haijui kuficha. Ningekuambia ungenisamehe, na Prinsipo angeona. Ilikuwa lazima ukasirike vizuri." Akapapasa kahawa, akapata mbivu. "Nilikuacha tu. Hata ile chai ulikuwa unaniletea bila sukari kwa sababu ya hasira, muhula mzima, nilikuwa nakunywa."

Mimi nilikuwa nimeisahau kabisa chai hiyo. Yeye alikuwa ameikumbuka, kikombe kwa kikombe, na alikuwa ameinywa yote.